Nyaraka za enzi ya Mjerumani zahitaji wasomi wa Kijerumani na isimu kwa pamoja

Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama mjini Songea akaomba msamaha kwa niaba ya nchi yake kwa yale ambayo watawala na askari wa Kijerumani waliwatendea mababu wa wenyeji wa huko. Mbele yake walikuwapo wazao wa Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906 wakati wa kuzimwa kwa Vita vya Majimaji, na ambaye familia yake inaamini kuwa fuvu lake lilichukuliwa likapelekwa Ujerumani. Mgeni huyo aliahidi kuwa nchi yake itashirikiana na Tanzania kulitafuta, bila kuahidi kwamba litapatikana.

Kutafuta huko, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya kusoma. Fuvu halijulikani ni la nani kwa kutazamwa tu. Hujulikana, pale linapojulikana, kwa maneno yaliyoandikwa kwa wino juu ya mfupa wenyewe, kwa rejesta ya makumbusho iliyolipokea, kwa barua ya daktari wa jeshi aliyelisafirisha, au kwa taarifa ya kituo cha kijeshi iliyoandikwa siku chache baada ya mwenyewe kuuawa. Karatasi hizo ni za Kijerumani, nyingi zimeandikwa kwa mkono, na majina ya watu na mahali yaliyomo ndani yake yaliandikwa na watu waliokuwa wakiyasikia kwa mara ya kwanza.

Ukubwa wa kazi yenyewe unafahamika. Mwanzoni mwa mwaka 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya taifa mjini Berlin, Stiftung Preußischer Kulturbesitz, ilitangaza matokeo ya utafiti wa mafuvu 1,135 yaliyotoka katika iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mafuvu 904 yalihusishwa na Rwanda ya leo, 202 na Tanzania na 22 na Kenya. Septemba mwaka huohuo taasisi hiyo ilieleza kuwa vipimo vya vinasaba vimeunganisha baadhi ya mafuvu na familia zinazoishi sasa Kilimanjaro. Habari hiyo ilipokewa kama ushindi wa maabara, na ni kweli maabara ilifanya kazi yake. Lakini mtaalamu wa vinasaba hawezi kupima nchi nzima. Ni lazima kwanza karatasi zimwelekeze ni ukoo upi, wa kijiji kipi, uombwe kutoa sampuli.

Yanayotokea karatasi zisiposema lolote yanajulikana pia. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani irejeshe fuvu la Mtwa Mkwawa wa Wahehe. Fuvu lilirejeshwa mwaka 1954, miaka 35 baadaye, na lilipatikana kwa kuchaguliwa kwa vipimo miongoni mwa mafuvu yaliyokuwa katika makumbusho ya Bremen. Liko Kalenga hadi leo.

Kwa hiyo swali la nani atasoma si dogo. Jibu la haraka ni kwamba atasoma yeyote anayejua Kijerumani. Jibu hilo lina upungufu, na upungufu wenyewe ndio unaofanya kozi ya chuo kikuu inayounganisha Kijerumani na isimu iwe jambo la maslahi ya taifa, ingawa kwa mzazi wa kawaida inaweza kuonekana kuwa mchanganyiko usio na ajira mbele yake.

Chukua majina ya mahali peke yake. Katika ramani na majalada ya enzi ile Bagamoyo ni “Bagamojo”, Mwanza ni “Muansa”, Ujiji ni “Udjidji”, Mpwapwa ni “Mpapua”, Kivinje ni “Kiwindje” na Uzaramo ni “Usaramo”. Anayejua Kijerumani atafasiri haraka baadhi ya hayo: herufi j ya Kijerumani husomwa kama y, na herufi s inapotangulia irabu husomwa kama z. Ndiyo sababu Mwanza ikaandikwa kwa s. Na ndiyo sababu pia mji wa Songea mara nyingi uliandikwa “Ssongea”, kwa s mbili, ili afisa wa Berlin asije akausoma “Zongea”. Mtafutaji anayeandika jina la Songea kwa tahajia ya leo katika orodha ya kompyuta anaweza kuyapita majalada ambayo yanauhusu mji huohuo, na akaondoka akiamini kuwa hakuna kitu.

Mpaka hapo Kijerumani kinatosha. Ugumu unaanza pale kanuni inapogoma. Herufi w ya Kijerumani husomwa kama v, na katika “Kiwindje” inasimama kweli kwa v. Lakini katika “Wahehe” mwandishi huyohuyo ameitumia kwa w ya Kiswahili. Herufi nne dsch katika “Kilimandscharo” zinasimama kwa sauti ya j, ilhali katika “Dschagga” zinasimama kwa ile ambayo leo inaandikwa ch. Mkwawa mwenyewe aliandikwa “Quawa”, jina ambalo Mjerumani akilisoma kwa sauti hutoka kama “Kvava”, tena likiwa limepoteza M yake ya mwanzo. Hakuna kamusi ya Kijerumani inayoweza kuamua w ipi ni ipi. Anayeweza ni mtu anayejua mfumo wa sauti wa lugha inayohusika, anayefahamu kuwa lugha fulani ya Kibantu ina v na nyingine haina, kuwa hii haitofautishi l na r, na kuwa sikio la mtu aliyekulia Saksonia husikia baadhi ya konsonanti za mwanzo wa neno tofauti na sikio la mtu wa Kibosho. Hiyo ni fonolojia, na hufundishwa katika isimu.

Kisha kuna viambishi. Rejesta moja huweka kitu chini ya herufi W, kwa sababu aliyekileta aliandika “Wahehe”. Nyingine hukiweka chini ya U, kwa sababu ya “Uhehe”, yaani nchi yao. Ya tatu, iliyoandikwa baadaye na mtu aliyekuwa amesoma kidogo, hukiweka chini ya H. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili jambo hili ni la kawaida mno hata halionekani kuwa elimu. Kwa karani wa makumbusho aliyezoea lugha ambazo maneno hubadilika mwishoni zaidi kuliko mwanzoni, hayo ni makabila matatu. Mtanzania anayejua Kijerumani na aliyefunzwa kuchambua maneno anaweza kuziunganisha rejesta hizo tatu kwa siku moja, na hapo yeye ana faida ambayo mwenzake wa Leipzig hana.

Majina ni sehemu iliyo rahisi. Katika sentensi hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa mfasiri anaweza kukosea bila yeyote kugundua. Kijerumani cha ofisini na mahakamani kina umbo la kitenzi ambalo kazi yake ni kuonesha kuwa maneno ni ya mtu mwingine, si ya mwandishi. Mwandishi wa kumbukumbu za shauri akiandika kuwa mshitakiwa “ist” alikuwapo kwenye shambulio, anasema kwa kauli yake kwamba alikuwapo. Akiandika “sei”, anasema kuna shahidi aliyedai hivyo, naye mwandishi hajithibitishii. Tofauti ni ya neno moja fupi. Kiswahili hakina umbo la kitenzi kwa kazi hiyo. Kinayo maneno kama “inadaiwa” na “eti”, na njia ya kutaja wazi nani kasema. Mfasiri asiyeliona jambo hilo ataandika “alikuwapo” mahali pote, na madai ya shahidi mmoja, pengine aliyetishwa, yatageuka kuwa ukweli wa historia katika kitabu cha Kiswahili. Kwa watu walionyongwa baada ya mashauri ya siku moja au mbili, hilo si suala la sarufi tu.

Upande wa pili ni kauli ya kutendwa. Rejesta za makumbusho zimejaa vitenzi vyenye maana ya “ilikusanywa”, “ilipatikana”, “ilitolewa zawadi”, bila kutaja aliyetenda. Kiswahili kinaruhusu vivyo hivyo, kwa hiyo tafsiri huteleza bila kikwazo: “ngao hii ilikusanywa mwaka 1906”. Mwanafunzi wa isimu hufundishwa tangu mapema kuuliza ni nani mtenda aliyefichwa, na kwa nini amefichwa. Ngao iliyokusanywa Ungoni mwaka 1906, vita vikiwa bado havijamalizika, ilikusanywa na nani, kutoka mkononi mwa nani? Jibu huwa katika jalada jingine, mara nyingi ripoti ya msafara wa kijeshi wa kuadhibu, na mtu hulitafuta jalada hilo pale tu alipoutambua ukimya wa lile la kwanza.

Kuna pia maneno ya Kiswahili yaliyoingia katika Kijerumani cha ukoloni na kubadilika humo. Askari, boma, jumbe na akida yamo katika karibu kila ripoti. Neno “Schauri” lilikuwa la kawaida kwa maofisa: lilimaanisha kikao cha kusikiliza kesi, mazungumzo na wazee, madai ya kodi, hata usumbufu wowote uliompotezea bwana mkubwa muda wake. Kulirudisha katika Kiswahili kama “shauri” ni kulipa heshima ambayo halikuwa nayo katika ukurasa ule. Safari ya maneno upande wa pili ilikuwa fupi zaidi, na Kiswahili kilibaki na “shule” na “hela”, maneno ambayo wengi huyatumia kila siku bila kukumbuka yalikotoka.

Uhusiano wa Kijerumani na isimu katika eneo hili si jambo la kubuniwa leo. Wilhelm Bleek, mzaliwa wa Berlin, ndiye aliyelipa jina “Bantu” nafasi yake katika taaluma katika karne ya 19. Carl Meinhof alichapisha mwaka 1899 kazi yake juu ya sauti za lugha za Kibantu na mwaka 1906 sarufi linganishi ya lugha hizo, na namba za ngeli zinazotumiwa na wanaisimu duniani kote hadi leo zinatokana na kazi za watu hao wawili. Otto Dempwolff, daktari aliyehudumu katika koloni, alichapisha mwaka 1916 kitabu juu ya lugha na maisha ya Wasandawe wa Dodoma ya leo. Mtafiti wa Kisandawe hawezi kukwepa kazi hiyo, nayo imeandikwa kwa Kijerumani.

Lakini urithi huo una doa, na ni afadhali msomaji wake awe Mwafrika aliyefunzwa kuliko mtu anayeupokea wote kwa heshima. Meinhof huyohuyo alichapisha mwaka 1912 kitabu juu ya lugha alizoziita za Kihamu, akichanganya sarufi na dhana za ubora wa rangi. Mgawanyo huo wa lugha ulivunjwa na kazi ya Joseph Greenberg miaka ya 1950 na 1960, na Meinhof mwenyewe alijiunga na chama cha Wanazi mwaka 1933. Mwanafunzi wa Kijerumani asiye na isimu hatajua ni kurasa zipi za Meinhof zimesimama na zipi zimeanguka, kwani zote zimeandikwa kwa sauti ileile ya uhakika.

Na yuko Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, aliyefundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki mjini Berlin kuanzia mwaka 1900. Maelezo yake ndiyo uti wa mgongo wa kitabu “Desturi za Wasuaheli” kilichochapishwa Göttingen mwaka 1903. Jina lililowekwa jaladani ni la Carl Velten, kama mkusanyaji. Ile kauli ya “kukusanywa” haikuhusu ngao peke yake.

Kwa sasa vijana wengi wanaojifunza Kijerumani nchini wana lengo jingine, na hakuna sababu ya kuwalaumu. Ujerumani ina upungufu wa wauguzi, mafundi na madereva, na imelegeza sheria zake za uhamiaji wa wafanyakazi hatua kwa hatua tangu mwaka 2020. Juni 1, 2024 ilianzisha kadi ya fursa inayomruhusu mwenye ujuzi kuingia kutafuta kazi akiwa na Kijerumani cha ngazi ya A1 au Kiingereza cha ngazi ya B2. Septemba 13, 2024 Kenya ilisaini na Ujerumani mkataba wa uhamiaji na ajira mjini Berlin. Muuguzi anayetaka cheti chake kitambuliwe kwa kawaida hutakiwa kufika B2. Taasisi ya Goethe jijini Dar es Salaam hufundisha na kutahini ngazi hizo, na vituo binafsi vinavyotoa masomo kama hayo ni vingi.

Mwenye B2 anaweza kuzungumza na mgonjwa na kuandika taarifa ya zamu. Hawezi kusoma barua ya mwaka 1905, na hilo si kosa lake, kwa kuwa hata Mjerumani wa kawaida leo hawezi. Mwandiko wa zama hizo, uitwao Kurrent, una herufi e inayofanana na n, na u huwekewa kijistari kilichopinda juu yake ili isichanganywe na n. Herufi s ya katikati ya neno ni ndefu na hufanana na f, hivi kwamba “Ssongea” ikisomwa na macho yasiyozoea huonekana kama “Sfongea”. Ujuzi huo hupatikana kwa mazoezi ya mihula kadhaa chini ya mwalimu.

Hata katika kufundisha Kijerumani cha kazi, isimu ina faida ambayo walimu wengi hawaitumii. Mwanafunzi wa Kiswahili huambiwa kuwa nomino za Kijerumani zina jinsia tatu, ya kiume, ya kike na isiyo na jinsia, kisha anakutana na neno la msichana, “das Mädchen”, lililo katika kundi la tatu, na kukata tamaa. Angeambiwa kuwa hizo ni ngeli, tena tatu tu, na kwamba zinadai upatanisho wa kisarufi kama vile “kitabu kizuri” na “mti mzuri”, angekuwa nyumbani. Wanaisimu huzihesabu jinsia za Kijerumani na ngeli za Kibantu kuwa jambo la aina moja. Mwalimu aliyesoma Kijerumani pekee mara nyingi hufundisha kwa kitabu kilichoandikiwa wazungumzaji wa Kiingereza, na matatizo ya Waingereza si ya Waswahili.

Kuhusu mahali pa kusomea, mlango upo ingawa si mpana. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Idara ya Lugha za Kigeni na Isimu, na jina lake linaonesha kuwa waliopanga muundo waliziona taaluma hizo kuwa za nyumba moja. Kwa shahada ya Kijerumani chenyewe, Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Kenyatta vina historia ya kukifundisha. Nchini Ujerumani, vyuo vingi humruhusu mwanafunzi wa shahada ya kwanza kuunganisha masomo mawili, na isimu ni mojawapo ya mihimili ya somo la Kijerumani lenyewe, pamoja na fasihi ya kale na ya sasa. Hamburg, Leipzig, Köln na Bayreuth zina wataalamu wa lugha za Afrika, hivyo Mtanzania anayesoma Kijerumani huko anaweza kuchukua kozi za isimu ya Kibantu katika jengo la jirani.

Gharama zinastahili kuelezwa bila kupambwa. Vyuo vya umma katika majimbo mengi ya Ujerumani havitozi ada ya masomo. Jimbo la Baden-Württemberg hutoza wanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu mwaka 2017. Kikwazo kikubwa ni fedha za kujikimu: kiwango kilichowekwa Septemba 2024 kinamtaka mwombaji wa viza aoneshe akaunti maalumu yenye euro 11,904 kwa mwaka mmoja, kiasi ambacho familia nyingi haziwezi kukiweka pembeni. Bila ufadhili, hasa wa DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanataaluma, njia hiyo ni ya wachache. Kwa lugha, vyuo hudai mtihani wa TestDaF au DSH, ambao uko juu ya B2 ya muuguzi.

Wapo wanaosema kuwa juhudi hizi zimechelewa, kwa kuwa kompyuta itasoma. Programu kama Transkribus, iliyoanzia katika mradi ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Innsbruck, Austria, kwa kweli husoma mwandiko wa Kurrent kwa kasi ambayo binadamu hana, na ni msaada mkubwa. Ila programu hujifunza kutokana na kurasa ilizooneshwa, na katika kurasa hizo maneno ya Kijerumani ni mengi kuliko majina ya watu wa Ungoni au Umatumbi. Inapokosea, hukosea palepale ambapo familia inatafuta. Ni lazima awepo mtu wa kuikagua, na mtu huyo hana budi kujua jina lilipaswa kuwa nini.

Nyaraka zenyewe ziko pande mbili. Majalada ya wizara ya makoloni ya Ujerumani yako katika Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho mjini Berlin, chini ya alama R 1001, na sehemu kubwa imepigwa picha na inaweza kufunguliwa kwa intaneti kutoka Iringa au Kilwa bila malipo. Majalada ya serikali ya koloni iliyokuwa Dar es Salaam yako hapahapa nchini, mikononi mwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, inayofanya kazi chini ya Sheria Namba 3 ya mwaka 2002. Mwishoni mwa mwaka 2024 maonesho juu ya historia ya Tanzania yalifunguliwa katika Humboldt Forum mjini Berlin kwa ushirikiano na Makumbusho ya Taifa. Ushirikiano wa namna hiyo huwa na meza moja, na watu wa upande mmoja wa meza wamekuwa wakisoma karatasi ambazo wa upande wa pili husomewa.

Wanaohitajika si mamia. Watu kumi na watano au ishirini, waliosoma Kijerumani na isimu na kuzoezwa mwandiko wa zamani, wakigawanywa kati ya Idara ya Kumbukumbu, Makumbusho ya Taifa, Baraza la Kiswahili la Taifa na vyuo vikuu, wangeweza kubadili sura ya mazungumzo haya katika muongo mmoja. Idadi hiyo inaweza kugharamiwa, hasa ikiwa nafasi za masomo zitaingizwa katika makubaliano yenyewe ya urejeshaji, badala ya kuachwa kwa bahati ya mwanafunzi mmojammoja. Bila nafasi ya ajira inayojulikana mapema, mhitimu mwenye akili ataenda kufanya ukalimani kwa kampuni za utalii Arusha, ambako Kijerumani hulipwa vizuri.

Kazi ya kwanza ya kundi hilo inaweza kuanza bila safari yoyote ya ndege. Orodha rejea ya majalada ya Kijerumani yaliyoko Dar es Salaam ilitayarishwa na Eckhart Franz na Peter Geissler, na kuchapishwa Marburg mwaka 1973 kwa juzuu mbili. Ndani yake majina ya mahali yako katika tahajia ya Kijerumani: Lushoto ni “Wilhelmstal”, Tukuyu ni “Neu-Langenburg”, na Kasanga ya Ziwa Tanganyika ni “Bismarckburg”. Mwananchi wa Tukuyu anayefika katika chumba cha kusomea akiuliza habari za kwao anahitaji orodha ya Kiswahili inayomwambia hivyo, yenye kila jina la zamani likiwa limepangwa kando ya jina la sasa, pamoja na aina zote za tahajia zilizotumika.